Kazi ya Kuomba Watu Damu

Mjukuu wangu Rehema ni nesi, na juzi alikuja kunitembelea hapa Salgaa akiwa amenuna. Alikuwa ametoka kwenye shughuli ya kuchangisha damu kando ya barabara, na kutwa nzima wahudumu walikuwa wengi kuliko wachangiaji. Akaniambia, "Babu, siku hizi watu hawana utu." Nikamwambia anywe chai kwanza, maana mtu mwenye njaa huona kila mtu mbaya. Alipomaliza kikombe nikamwuliza waliwaombaje hao watu. Akasema walikuwa na kipaza sauti.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Hakupendezwa. Basi haya ninamwandikia yeye, na ninyi wenzake mnaovaa sare safi na kudhani utu uliisha siku mliyozaliwa. Mimi nilifanya kazi ya kuomba watu damu wakati ambapo kumwomba mtu damu kulikaribia kumwomba kichwa chake. Walitoa. Si wote, wala si kila siku, lakini walitoa, na nimezeeka nikijiuliza kwa nini.

Nilikuwa dresa katika hospitali ya Waafrika mjini Nakuru, miaka ya hamsini. Dresa alikuwa mtu wa kuosha vidonda, kufunga bandeji, kudunga sindano, na kufanya lolote ambalo daktari hakutaka kulifanya. Kutafuta damu kulikuwa katika hilo lolote. Hatukuwa na akiba ya damu kwenye barafu kama mlivyo nayo ninyi. Mgonjwa akihitaji, dresa alitoka kumtafuta mtu, akarudi naye akitembea kwa miguu yake, akamlaza, akamtoboa mshipa, na chupa ya kioo ikapelekwa wodini ikiwa bado na joto.

Shida ilikuwa wazimamoto. Sisemi wale wa kuzima moto, maskini, wao walikuwa na kazi yao na hawakumkosea mtu. Nasema wale wa hadithi. Karibu kila kambi ya wafanyakazi ilijua kwamba kuna watu wenye gari jekundu wanaokamata watu, wanawafyonza damu na kuwatupa. Mama akitaka mtoto aingie ndani jioni, alimtajia hao. Msicheke sana. Ilikuwa Hali ya Hatari ya wakoloni. Watu walikuwa wanapakiwa kwenye malori alfajiri na wengine hawakuonekana tena. Aliyeogopa gari lisilojulikana hakuwa mjinga, alikuwa amekosea rangi tu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Zakayo, dresa mkubwa wetu, mtu mfupi wa kutoka Maragoli mwenye sauti ya chini sana, hata wagonjwa walikuwa wananyamaza ili wamsikie. Siku zangu za kwanza nilikwenda sokoni, nikasimama juu ya sanduku, nikawahutubia watu. Niliongea juu ya ubinadamu, juu ya mama anayekufa, juu ya Maandiko. Walinisikiliza vizuri kabisa. Mmoja aliniambia nina kipaji cha uhubiri. Kisha wote wakaenda kununua viazi.

Zakayo aliniuliza nilimwomba nani. Nikasema niliwaomba wote. Akasema ukiwaomba wote, kila mtu anamwangalia jirani yake, na jirani naye anamwangalia yeye, na wote wanaondoka wakiamini kwamba mwingine amebaki. Akanichukua tukarudi sokoni kwa miguu. Alimwendea fundi viatu, akaketi naye, akamwuliza habari za mguu wake uliokuwa na kidonda mwaka uliopita. Halafu akasema, polepole, kwamba wodini kuna mpishi anaitwa Wafula, ameangukiwa na gogo, na anahitaji damu ya mtu mmoja. Fundi aliendelea kugonga misumari hadi akamaliza kiatu, akavua aproni, akatufuata. Njiani tukirudi nilikuwa nyuma yao nikijihisi mpumbavu wa hali ya juu.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Omba mtu mmoja. Mtajie mgonjwa kwa jina. Mwulize kama amekula, na kama hajala mpe chakula kabla hujaonyesha sindano. Usimwambie haiumi, mwambie itauma kama siafu. Akitoka nje, mpe uji na mandazi akae kwenye benchi kwa muda, ili walioko ng'ambo ya ua wamwone akitafuna. Zakayo alisema mandazi ya mtoaji damu yanahubiri kuliko kasisi.

Tuliwahi kuwa na karani kijana aliyeona tunachelewa. Akatangaza kwamba atakayetoa damu atapewa paketi ya sukari. Sukari wakati ule ilikuwa kitu. Tulitegemea msururu. Badala yake hata wale watoaji wetu wa kila mara walipotea. Nilimfuata mmoja, Otieno, mtu wa reli, jitu la kutoka Gem lililokuwa linabeba vyuma begani kama kuni. Aliniambia kwa uchungu kwamba alipotoa bure alirudi nyumbani akiwa mwanamume. Sasa majirani wanasema ameuza damu kwa sukari ya chai. Na wengine waliokuwa wanatuamini kidogo wakasema, ahaa, kumbe inanunuliwa, basi na hawa nao wanaiuza mahali. Ilituchukua muda mrefu kuwarudisha. Karani alihamishiwa stoo, akapewa sukari yake aihesabu huko.

Nilikuwa na tabia ya kuwauliza baada ya kutoa: kwa nini umekubali? Mmoja alisema mama yake alifariki kwa kukosa damu. Mwingine alisema alitaka msichana mmoja wa jikoni amwone akitoa. Mwingine hakujua, akakasirika kuulizwa. Mimi nilikuwa nawapanga kichwani, huyu ana moyo safi, huyu ana hila. Zakayo alinisikia nikiwauliza, akaniambia, "Chupa haijui umetoa kwa nini, Daudi. Wewe funga bandeji."

Sasa nifike kwa Nyambura.

Aliletwa asubuhi kwa lori la maziwa kutoka shamba moja la pareto upande wa Molo. Alikuwa amejifungua usiku uliopita na damu haikukatika. Aliyekuja naye alikuwa mama mkwe wake peke yake, akiwa amembeba mtoto ndani ya blanketi, kwa sababu mume alinyimwa ruhusa ya kutoka shambani. Siku hizo Mkikuyu hakutoka shamba moja kwenda mji bila karatasi, hata kama mkewe anakufa. Mama mkwe alitoa mkono wake mara moja kabla hatujasema neno. Tulipochanganya tone la damu yake na la mgonjwa kwenye kioo, yaligandana. Haikufaa. Alitazama lile tone kwenye kioo kana kwamba limemtukana.

Nyambura alikuwa mweupe midomoni. Ninyi mnaijua hiyo rangi. Daktari alisema apate damu kabla ya mchana kupita, chupa moja upesi na nyingine baadaye, la sivyo tumtafutie mtoto maziwa ya kopo. Zakayo alibaki naye. Mimi nikatumwa kwa watu wa reli, kwa akina Otieno.

Gari letu la kijivu lilikuwa limevunjika springi. Kwa kawaida ningetembea, maana Zakayo alitukataza kabisa kupeleka gari kwenye makao ya watu. Lakini nilikuwa na haraka, na pale uani kulikuwa na gari la mkandarasi mmoja aliyekuwa akitengeneza paa, naye akakubali dereva wake anipeleke. Niliruka ndani nikiwa na koti jeupe, na sanduku la chupa mapajani. Naapa sikuitazama rangi yake. Gari ni gari. Hadi tulipoingia kwenye nyumba za reli na dereva akapiga honi ndipo niliposikia mwanamke wa kwanza akipiga kelele.

Lilikuwa jekundu kama pilipili.

Sijawahi kuona watu wakitoweka hivyo. Nguo ziliachwa kwenye maji, sufuria zikaachwa motoni, jogoo mmoja tu ndiye aliyebaki kutulaki. Nilimwona Otieno akiruka ua. Nikashuka nikamfuata mbio, koti likipepea, nikiita, "Otieno! Otieno! Ni wewe ninakutaka!" Nilidhani akisikia sauti yangu atatulia. Fikirini wenyewe, mfyonza damu anakufukuza, na jina lako analijua. Lile jitu lilikimbia hadi ng'ambo ya reli na sikulipata.

Tulipoondoka, habari ilikuwa imetutangulia. Sokoni fundi viatu alikuwa amefunga. Nilijaribu kambi nyingine mbili, nikiwa nimeliacha gari mbali, lakini nani angenisikiliza? Nilirudi hospitalini na chupa tupu kama nilivyokwenda nazo. Sina haya kusema kwamba nilikuwa karibu kulia. Nilikuwa nimemwona yule mtoto kwenye blanketi.

Nje ya wodi kulikuwa na benchi refu la kungojea. Tangu asubuhi mzee mmoja wa Kipsigis alikuwa ameketi pale, blanketi limefungwa begani, masikio yaliyotobolewa na kuvutwa, rungu limelala magotini. Aliitwa Arap Koros. Binti yake alikuwa wodini, amevunjika mguu kwa kukanyagwa na ng'ombe, na mzee alikuwa anangoja plasta ikauke. Nilipita mbele yake nikienda kutafuta gari. Nilipita nikirudi kuchukua sanduku. Nikapita tena sasa, nikiingia kumwambia Zakayo kwamba hakuna mtu.

Zakayo alikuwa anamfuta Nyambura jasho. Hakuinua macho. Akaniuliza nimemwomba nani. Nikamwambia: akina Otieno wamekimbia, fundi amefunga, kambi zote zimefunga.

"Na yule wa kwenye benchi?"

"Yule haelewi Kiswahili, mzee."

"Alikwambia hivyo?"

Mama mkwe alikuwa ameketi chini, mtoto kifuani, anatutazama midomo. Nikamnong'oneza Zakayo kwamba, tena, huyu mgonjwa ni Mkikuyu na yule mzee si wa kwao, na kwa mambo yalivyo sasa, mzee atakubali vipi? Mnajua tulivyokuwa tumefundishwa kuogopana. Zakayo alikamua kitambaa kwenye beseni. "Wewe umeshamjibia," akasema. "Toka nje ukamwache ajibu mwenyewe."

Nilitoka. Niliketi kwenye benchi. Nilikuwa nimesahau kila kitu nilichofundishwa, isipokuwa kuuliza kama mtu amekula. Alisema amekula. Nikamwambia ndani kuna mama, jina lake Nyambura, amezaa jana, damu yake imemwagika, anataka ya mtu mwingine. Nilimwonyesha chupa na sindano ili asije akasema nimemficha kitu.

Aliichukua sindano, akaigeuzageuza, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. Akaweka kidole kwenye shingo yake mwenyewe, akavuta upinde usiokuwepo, akaachia mshale. Ndipo nilipoelewa. Kwao ng'ombe hupigwa mshale mdogo kwenye mshipa wa shingo, damu ikakingwa kwenye kibuyu, kisha jeraha likafungwa na ng'ombe akarudi malishoni. Ameyaona hayo tangu utoto. Mji mzima ulikuwa umeruka ua kwa sababu ya kitu ambacho kwake kilikuwa kazi ya asubuhi.

Lakini msidhani kwamba kutoogopa ndiko kulikomfanya atoe. Wako wengi wasioogopa na hawatoi. Alitazama mlango wa wodi, na mimi nikawaza, haya, sasa ataniuliza ni wa kabila gani. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mtoto iko?"

"Yuko, mzee. Mzima."

Akalegeza blanketi begani. Akanipa mkono wa kushoto, akasema ule wa kulia ni wa kubebea binti yake.

Tone lake na la Nyambura hayakugandana. Niliangalia kioo, nikamwita Zakayo akaangalia, tukamlaza mzee. Alitazama chupa ikijaa bila kupepesa, kama mtu anayekama ng'ombe. Alipotoka tulimpa uji na mandazi, akarudi mahali pake pale pale kwenye benchi, akatafuna.

Ng'ambo ya ua watu walikuwa wamejaa. Walikuwa wamekuja kuona kama wazimamoto watawatoa watu wakiwa maiti au wazima. Wakamwona mzee anaomba andazi la pili. Kabla jua halijaenda mbali Otieno aliingia langoni, anatembea upande upande kama mtu anayepita tu. Alisema hakuja kwa sababu ya wema. Alisema ameona haya, mzee wa watu kutoka huko mbali ameingia, na yeye jitu zima amelala kwenye mtaro wa reli. Nilitaka kumwambia haya si sababu nzuri, lakini Zakayo alikuwa ameshamvua shati. Chupa ya pili ilitoka kwake.

Nyambura alipona. Sitawaficha hilo hadi mwisho, mimi si mtu wa kuwatesa watu. Midomo ilipata rangi tena, akamnyonyesha mtoto, na wiki hiyo akaondoka kwa lile lile lori la maziwa. Arap Koros alikwishaondoka na binti yake mgongoni, hakumwona Nyambura hata uso. Sikupata nafasi ya kumwuliza swali langu la kwa nini.

Mgonjwa akishapona huwa anatoweka. Nilizoea. Nilichokuwa sijajua ni kwamba aliyetoa hatoweki. Siku ya kuondolewa plasta, Arap Koros alirudi na binti yake akiruka kwa mguu mmoja, na mkononi alikuwa na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao yaliyolala yenye majivu. Nikadhani ametuletea sisi. Nikanyoosha mkono. Akakirudisha nyuma na kuniuliza yule mama yake yuko wapi. Alisema "mama yangu" hivi hivi, kwa mwanamke anayeweza kuwa mjukuu wake. Yeye ndiye aliyetoa, na yeye tena ndiye aliyeleta zawadi. Hapo nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote: mtu humpenda aliyepokea msaada wake kuliko anavyompenda aliyempa yeye msaada. Ukitaka mtu akupende, Rehema, mwombe kitu anachoweza kukupa.

Bahati ilikuwa kwamba Zakayo, kwa ujanja wake, alikuwa amemwandalia Nyambura siku hiyo hiyo ya kumleta mtoto apimwe. Alimpa sababu ya kuombea karatasi kule shambani, nami sikuambiwa lolote. Nyambura akaingia langoni, sasa mnene wa mashavu, mtoto mgongoni, pamoja na mama mkwe wake. Nikawakutanisha pale kwenye benchi. Nyambura alikuwa na Kikikuyu na Kiswahili cha shambani, mzee alikuwa na Kikipsigis na maneno machache, na mimi katikati kama daraja bovu.

Mzee alimtazama mtoto. Akamtemea mate kidogo kifuani, ambayo kwao ni baraka, na mama mkwe, aliyekuwa mkali kwa kila mtu, alimwacha afanye. Nyambura alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alianza kusema asante, machozi yakamtoka, na mzee akageuka kutazama ng'ombe ambao hawakuwepo. Mimi pia nililia, sioni kwa nini nifiche.

Halafu Nyambura akaniambia, "Muulize mzee kwa nini alinisaidia. Hanijui. Watu wetu hawaongei."

Mwisho wa yote lilikuwa swali langu, limeletwa na mwingine. Nikalisema polepole, kwa maneno na kwa mikono. Mzee alilielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Hakumtazama Nyambura. Alinitazama mimi, kisha akapiga benchi kwa kiganja, mahali alipokuwa ameketi siku ile.

"Ambia yeye, mimi iko hapa tangu asubuhi. Wewe napita, napita. Hapana omba mimi."

Nyambura alikuwa ananitazama, anangoja. Zakayo alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake, naye anangoja. Basi nikamtafsiria, neno kwa neno.